Ukisubiri Chanjo Ziishe Ndipo Umzoeshe Mbwa Wako, Umeshachelewa

Leo naacha ng'ombe na pamba pembeni, nazungumzia mbwa. Na nitazungumza kwa ukali kidogo, kwa sababu kuna ushauri unaozunguka vijijini kwetu ambao unaharibu mbwa wazuri kila mwaka, na baadhi ya wanaoutoa ni wenzangu wa fani hii hii ya mifugo.

Ushauri wenyewe ni huu: "Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani, mfungie. Asionane na mtu wala mnyama mpaka amalize chanjo zote." Ukiusikia unaona una busara. Mtu anausoma kwenye simu, anamwambia jirani, jirani anakata kamba na kumfunga mtoto wa mbwa wa wiki 7 nyuma ya ghala. Anakaa hapo miezi mitatu. Anapofunguliwa hajui watoto wa nyumba, hajui mbuzi, hajui bodaboda. Kisha tunashangaa ameuma mtu.

Mimi nasema ushauri huo ni mbovu kwa Migato, na ni mbovu kwa kijiji chochote cha Simiyu. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza cha kufanya.

Hesabu ya wiki haikubali

Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na wiki 2 hivi. Kuanzia wiki ya 3 mpaka wiki ya 12 au 14 ndipo anapojifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Anachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo, iwe mtoto anayelia, mzee mwenye fimbo, mbuzi au mlio wa mashine ya kusaga, anakichukua kuwa sehemu ya maisha yake. Baada ya wiki hizo mlango unaanza kufungwa. Kitu kipya anachokiona kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 5, kwanza atakiogopa, na mbwa mwenye hofu ana njia mbili tu: kukimbia au kuuma.

Sasa tazama ratiba ya chanjo. Chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto wa mbwa afikishe wiki 16. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na kwa macho huwezi kuona siku kinga hiyo inapokwisha. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa lebo nyingi, huanza miezi 3.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Chanjo zinaisha wiki ya 16. Mlango wa kuzoea unaanza kufungwa wiki ya 12 hadi 14. Anayesema "subiri zote ziishe" anakuambia uanze kupanda mvua zikishakatika.

Tena hiyo ni hesabu ya mjini, kwa mtu anayepata chanjo zote kwa wakati. Huku kwetu, chanjo ambayo mbwa wengi wanaipata ni ya kichaa cha mbwa, kwenye kampeni. Ile ya mchanganyiko mara nyingi lazima uiagize kutoka mjini, na isafiri kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, la sivyo unachoma maji tu. Kwa hiyo kwa mbwa wengi wa vijiji hivi, "subiri amalize chanjo" maana yake ni "subiri siku ambayo haitafika".

Na huko Marekani, ambako chanjo zipo kila mtaa, chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa watu, wanyama na mazingira kabla hajamaliza chanjo zote. Walishauri aweze kuanza akiwa na wiki 7 au 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo ya kwanza. Walisema wazi kwamba mbwa wa chini ya miaka 3 wanakufa zaidi kwa sababu ya tabia mbaya kuliko kwa magonjwa ya kuambukiza. Mbwa aliyeharibika tabia anauawa au anatupwa, na huku kwetu tunajua anauawa vipi.

Hofu ya magonjwa ina msingi, lakini inaelekezwa pabaya

Sitaki mtu aseme nadharau magonjwa. Nayajua, na eneo letu lina historia nayo.

Parvo inaua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida hakijali. Distempa nayo si ya mchezo. Mwaka 1994 ililipuka Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa mbuga, wapatao 1,000, na watafiti waliona kwamba chanzo kilikuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Baadaye zikaanza kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo. Sisi tunaoishi jirani na Pori la Akiba Maswa hiyo si habari ya mbali. Na kichaa cha mbwa hakina haja ya maelezo marefu: makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa watu wapatao 1,500 wanaokufa kila mwaka Tanzania.

Lakini jiulize magonjwa hayo yanapita wapi. Parvo inapita kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa na udongo uliochafuliwa. Distempa inapita kwa mbwa mgonjwa anayepiga chafya, na nje ya mwili kirusi chake kinakufa upesi kwa jua na joto. Kichaa kinapita kwenye mate ya mnyama mgonjwa anayeuma. Hakuna hata kimoja kinachopita kwa bibi aliyemshika mtoto wa mbwa mapajani kwa mikono iliyonawa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawampi mbwa parvo wala distempa.

Kwa hiyo kumficha mtoto wa mbwa asionane na watu na mifugo ni kumkinga na kisichomdhuru. Cha kumkinga nacho ni mbwa wasiojulikana na ardhi chafu. Kanuni yangu ni fupi, hata mtoto wa darasa la tatu anaikumbuka: mpeleke kwa watu, usimpeleke kwa mbwa, apakatwe, asikanyage.

Kichekesho ni kwamba wengi hufanya kinyume chake. Mtoto wa mbwa anafungwa asicheze na watoto, halafu siku ya mnada anaachwa afuate watu hadi machinjioni, ananusa kila kinyesi na kulamba damu pamoja na mbwa ishirini wasiojulikana. Hapo umempa magonjwa yote na hujampa mazoea yoyote.

Mbwa aliyefungiwa hafiki hata kwenye chanjo

Jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa ugani ni hili. Tunafungia mbwa kwa jina la chanjo, na kwa kumfungia tunamfanya asichanjike.

Nenda kwenye kituo cha kuchanjia mbwa utazame. Mbwa wanaoletwa ni wale wanaokubali kushikwa, mara nyingi na watoto wa miaka kumi wanaowavuta kwa kipande cha kamba. Waliobaki nyumbani ni wale ambao hakuna anayethubutu kuwagusa. Mwenye mbwa anakuja peke yake, anasema, "Bwana mifugo, wangu hashikiki, nipe sindano nikamchome mwenyewe." Haiwezekani. Basi mbwa huyo anapita kampeni hii bila chanjo, na ijayo, na nyingine tena.

Wataalamu wa afya wanasema kichaa cha mbwa hukatika eneo fulani ikiwa asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa na kiwango hicho kikadumu. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hatutafika kwa mbwa wasioshikika. Mbwa aliyezoea kupakatwa akiwa na wiki 8 ndiye atakayesimama achomwe sindano akiwa na miaka 3. Wanaosema chanjo kwanza na mazoea baadaye wamegeuza mambo, kwani mazoea ndiyo yanayomfikisha mbwa kwenye chanjo ya mwaka ujao na wa keshokutwa.

Na ninyi mnaosema "nataka mbwa mkali"

Hapa nageukia wenye maduka na wenye mazizi. Hoja yenu naijua: mbwa akizoea watu, mwizi atampita akimpapasa. Ndiyo maana mtu anamfungia mtoto wa mbwa gizani, anamtupia chakula kwa tundu, na wapo wanaompa pilipili eti awe mkali.

Pilipili inaunguza tumbo tu. Haifundishi kulinda. Na giza linafundisha hofu. Mbwa mwenye hofu hachagui. Anamuuma mteja aliyekuja kununua chumvi, anamuuma mtoto wa jirani aliyetumwa kibiriti, na fisi akija usiku anaingia chini ya kitanda. Kubweka kwa mgeni na kulinda boma huja vyenyewe mbwa anapokua, maana ni asili yake. Usichoweza kumpa baadaye ni kipimo: kujua kwamba mteja wa mchana si mwizi wa usiku. Kipimo hicho anakipata kwa kuona watu wengi wa kawaida akiwa mdogo, ndipo asiye wa kawaida anamtambua.

Kwa mwenye zizi ni vilevile. Namibia, tangu mwaka 1994, mfuko wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine wala nyama. Siri yao si pilipili. Mbwa wanawekwa na kundi wakiwa bado wadogo sana, wakue wakijua kwamba mbuzi ndio jamaa zao. Mbwa aliyeonana na mbuzi kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 6 ana nafasi kubwa ya kuwafukuza. Na mbwa anayefukuza mbuzi wa jirani ameshakuletea kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mfanyabiashara, piga hesabu yako pia. Mbwa wako akimuuma mteja, utagharamia nauli na matibabu, na chanjo ya kichaa kwa mtu aliyeumwa ni dozi kadhaa, siyo safari moja. Juu ya hapo, wateja wataanza kuzunguka njia nyingine. Hakuna duka linalofaidika na mbwa anayefukuza wateja.

Cha kufanya, wiki kwa wiki

1. Usimchukue mapema mno. Huku watu wanachukua watoto wa mbwa wakiwa na wiki 4, wakigombania dume lenye kichwa kikubwa. Mwache kwa mama yake hadi wiki ya 8. Akicheza na ndugu zake, akiuma sana anaumwa naye. Hapo ndipo anapojifunza kuuma bila kujeruhi. Wewe nenda umtembelee kuanzia wiki ya 3, mshike dakika chache, mguse masikio, midomo na miguu. Nawa mikono kabla na baada.

2. Minyoo kwanza. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa. Dawa huanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 12. Minyoo hiyo huwadhuru watoto wetu pia, hivyo mtoto aliyecheza na mbwa anawe kabla ya kula. Wala usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inaweza kumuua.

3. Unganeni kuagiza chanjo ya mchanganyiko. Kaya tano au sita zenye watoto wa mbwa zikiungana, kuagiza kunakuwa rahisi, na afisa mifugo wenu atawasaidia kuhusu ubaridi. Ya kwanza wiki ya 6 hadi 8. Ukikosa kabisa, usikate tamaa, fuata hatua zinazofuata kwa umakini mara mbili.

4. Mpakate umpeleke kwa watu. Dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa wiki. Mbebe kwenye kikapu au kwenye khanga. Apite shuleni wanafunzi wanapotoka, asikie mashine ya kusaga kwa mbali kisha karibu, aone mkokoteni, bodaboda, mama mwenye ndoo kichwani, mzee mwenye fimbo, mtu mwenye mwavuli. Akionekana kutetemeka, rudi nyuma hatua kadhaa. Usimlazimishe. Kila mtu mpya ampe kipande cha ugali au dagaa.

5. Asikanyage pa hadhara. Mnadani, machinjioni, jalalani, kisimani na kwenye lambo asishuke chini mpaka amalize chanjo. Machinjioni kuna hatari nyingine: mbwa anayekula mapafu na maini yenye malengelenge hubeba minyoo inayowapa watu uvimbe wa maji tumboni.

6. Acha uwanja wako uwe salama. Fagia, zika kinyesi, zuia mbwa wa kupita. Viatu vya mnadani vivuliwe nje. Ikiwa parvo iliua mbwa hapo kwako, usilete mtoto mwingine asiye na chanjo kabla ya mwaka kuisha. Vyombo na sakafu ya saruji safisha kwanza uchafu, kisha pitisha jiki, sehemu 1 kwa 20 za maji, iache dakika 10.

7. Mbwa wa kuchezea naye awepo, ila umchague. Mbwa mmoja au wawili wakubwa, wazima, wapole, waliochanjwa na unaojua wanapolala. Hao wanatosha. Mbwa anayezurura usiku hafai hata kama ni wa shemeji yako.

8. Mzoeshe mifugo mapema. Mtengee kona ndani ya banda la mbuzi, iliyozungushiwa miti asikanyagwe, awe anawaona na kuwanusa. Mtoe mbele ya mbuzi wapole huku umesimama hapo. Akianza kuwakimbiza, mwondoe kimya, mrudishe akitulia.

9. Kampeni ya kichaa ikija, mlete hata kama hajafika miezi 3. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wasiachwe nje kwenye kampeni. Mwambie mchanjaji umri wake, ili ujue lini arudie.

Jambo moja halina mjadala. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Mbwa yeyote, mdogo au mkubwa, aliyemuuma au kumkwaruza mtu: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiweke majani, usisubiri uone kama mbwa atakufa. Mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa asiyejulikana usimpakate tena. Mtenge na umwite afisa mifugo.

Neno kwa wenzangu wa mifugo

Najua kwa nini tunapenda kusema "mfungie". Ni rahisi kusema, na mbwa akifa kwa parvo hakuna atakayetulaumu. Lakini mbwa anayekufa kwa kupigwa mawe akiwa na mwaka mmoja kwa sababu ameuma mtoto, huyo naye ni wa kwetu. Haandikwi kwenye taarifa yoyote ya robo mwaka, basi tunajifanya hayupo. Mfugaji akikuuliza, mpe ushauri wote wawili: wa kumkinga na ugonjwa na wa kumlea awe mbwa wa watu. Ukimpa nusu, umempa mbwa nusu.

Na wewe mfugaji, wahenga walimaliza waliposema samaki mkunje angali mbichi. Kama una mtoto wa mbwa wa wiki 8 amefungwa nyuma ya ghala sasa hivi, una wiki nne hadi sita mkononi. Leo jioni mfungue, mchukue mapajani, muite mama mkwe, waite watoto wa jirani wanawe mikono waje mmoja mmoja. Kesho mpeleke kwenye mashine ya kusaga, umempakata. Na ulizia kwa mtendaji wa kijiji tarehe ya kampeni ijayo ya chanjo, uiandike ukutani.